Kilo Zimekaa Wapi?

Hospitalini, habari ya kukoroma huanzia kwenye mizani: vua viatu, panda, kilo ngapi. Kwa fundi cherehani huanzia shingoni. Ndiyo maana mjadala huu nimeuweka kibarazani kwa fundi, Temeke, saa za jioni, cherehani imeshafunikwa na chai ya tangawizi imeshamiminwa. Wasemaji nimewapa majina ya kazi na udugu tu. Yupo Fundi mwenyewe. Yupo Suka, anayeendesha semitrela kati ya Dar na Tunduma, na mkewe, ambaye hapa wote tunamwita Shemeji. Sista ni muuguzi mstaafu wa nyumba ya jirani. Mwalimu ni mwalimu kweli, ila ukimwona kwa nyuma utadhani ni mmoja wa wanafunzi wake. Hoja ni fupi: mtu anayekatika pumzi usingizini, anakabwa na unene wake?

FUNDI: Nianze mimi, maana kibaraza ni changu. Udaktari sijasoma. Ila huyu bwana namshonea tangu hajaoa. Shati lake la harusi nililikata kola ya inchi 15 na nusu. Leo nimempima, 17 na nusu. Kiuno hataki nimpime, ananiambia nikisie tu, halafu suruali ikimbana lawama zangu. Lakini shingo haifichiki. Kifungo cha juu kitamuumbua.

SUKA: Umri huo, Fundi. Mwanamume akitulia kwenye ndoa lazima ajae. Mtaani wananiambia nimenawiri.

SHEMEJI: Umenawiri mchana. Usiku hujioni. Unaanza kukoroma taa haijazimwa, na hilo nimelizoea, mwaka wa 14 huu. Ninachokiogopa ni ukinyamaza. Kifua kinapanda, kinashuka, lakini nikiweka kiganja puani hakuna upepo. Nahesabu. Nikifika ishirini na kitu unashtuka, unavuta hewa kwa kishindo kama lori linalowashwa asubuhi ya baridi pale Makambako, unageuka, na yanaanza upya. Mama mkwe akasema ni jinamizi. Tukasoma dua. Dua ni njema, lakini kile kimya kimebaki palepale.

SISTA: Rudia hapo, binti yangu. Kifua kinapanda na kushuka, na hewa haitoki?

SHEMEJI: Haitoki.

SISTA: Basi umetoa ushahidi ambao yeye mwenyewe angeulizwa asingeweza kuutoa. Ubongo umeamuru, misuli ya kifua imeitika, ila mlango umefungwa. Angekuwa na ule ugonjwa mwingine, ambao ubongo ndio unaosahau kuamuru, na kifua nacho kingetulia.

Hapa naingilia. Jinamizi ni neno ninaloliheshimu, kwa sababu limeona jambo la kweli: mtu anaamka akihema, moyo unamwenda mbio, na ana hakika kuna kitu kilimkalia. (Lipo pia jinamizi la kuamka ukashindwa kujongeza hata kidole, nalo lina mambo yake.) Kasoro ya neno hili ni kwamba limemweka mkabaji nje ya mwili. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hawakuwa na akili kutuzidi. Charles Dickens, katika riwaya yake ya Pickwick ya miaka ya 1836 na 1837, alimchora kijana mnene anayesinzia hata akiwa amesimama. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani wakauita ugonjwa ulio jirani na huu kwa jina la riwaya hiyo. Mpaka mwaka 1965 ndipo watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walipowapima watu wa namna hiyo wakiwa usingizini, wakaona kwamba pumzi inakatika na kurudi usiku kucha. Sisi tulimsingizia jini, wao wakamcheka mnene, na koo lenyewe halikuangaliwa.

SISTA: Na koo ndiyo kesi yote. Pua ina mifupa. Bomba la pumzi lina pete za gegedu. Katikati yake, nyuma ya kimio na ulimi, hakuna mfupa wa kushikilia ukuta, maana njia hiyohiyo tunamezea, tunaongelea na tunapumulia, kwa hiyo lazima iwe laini. Ukiwa macho, misuli inaishikilia wazi. Ukilala inalegea. Mwenye nafasi ya kutosha hadhuriki. Ambaye nafasi yake imeshajazwa, ukuta unakutana na ukuta. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunahesabu tukio moja. Chini ya matukio 5 kwa saa hatuna neno. Kuanzia 15 hali ni ya kati. Ukifika 30 kwa saa ni kali, na 30 kwa saa maana yake unakabwa kila baada ya dakika mbili, usiku mzima, na asubuhi unasema umelala saa nane.

SUKA: Sawa. Imejazwa na nini?

SISTA: Mafuta.

SUKA: Mafuta yako tumboni, Sista. Tumbo na koo wapi na wapi?

SISTA: Ulimi wa ng'ombe umewahi kula?

SUKA: Mara nyingi tu.

SISTA: Ukiukata kwenye shina, kule nyuma, unaona nini?

SUKA: Mafuta.

SISTA: Na wako ni hivyohivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapiga watu picha za sumaku shingoni. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba wanene wenye ugonjwa huu wana mafuta mengi zaidi ulimini kuliko wanene wenzao wasio nao. Sikia vizuri: wanene wenzao. Mwaka 2020 wakaja na la pili. Watu 67 walipungua uzito, kwa wastani kama asilimia 10, na kukatika kwao kwa pumzi kukashuka kwa asilimia 31 hivi. Wakatafuta ni nini hasa kilichosaidia kati ya vyote vilivyopungua shingoni. Wa kwanza kwenye orodha ukawa ulimi. Na hilo tumbo unalolitetea nalo lina kazi yake. Ukilala chali linasukuma kiwambo juu, mapafu yanasinyaa, na bomba la pumzi, ambalo mapafu hulivuta chini likakaza, linalegea. Mpira wa kumwagilia bustani ukiuvuta unanyooka. Ukiulegeza unajikunja.

Nilitarajia Suka anyamaze hapo. Badala yake Mwalimu ndiye aliyeweka kikombe chini, na kwa sura yake nilijua anasema jambo alilokaa nalo muda mrefu.

MWALIMU: Mimi nina kilo 62 na urefu wa mita 1 na sentimita 72. Gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 21. Hakuna chati itakayoniita mnene. Na ugonjwa huu ninao, matukio 34 kwa saa. Ilinichukua miaka miwili kupimwa, kwa sababu kila nilipokwenda, hospitali moja hivi ambayo sitaitaja, waliniangalia, wakaiangalia mizani, wakasema: wewe punguza mawazo. Nilisinzia mbele ya darasa nikiwa nimeshika chaki. Wanafunzi walidhani nimelewa.

SUKA: Umesikia, mama watoto? Mwembamba kama mwanzi, na anakabwa. Sasa unene una kosa gani?

SHEMEJI: Subiri amalize.

MWALIMU: Kile kipimo cha uzito kwa urefu alikibuni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Alikuwa mwanahisabati na mwanaastronomia, akitafuta mtu wa wastani alivyo. Hakuwa akitibu mtu. Hesabu yake haijui kama kilo zako ni msuli, mafuta au maji, wala haijui umezibeba wapi. Mimi shida yangu ni taya. Angalia kidevu changu, kimerudi nyuma. Taya ni chumba na ulimi ni samani. Chumba kikiwa kidogo, kabati moja tu limeziba mlango. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa Wachina na Wazungu zimekuta kwamba Wachina hupata ugonjwa wa ukali uleule wakiwa na uzito mdogo zaidi, na sababu mojawapo iliyotajwa ni umbile la mifupa ya uso. Watoto nao, mafindofindo yakivimba, hukoroma na kukatika pumzi wakiwa wembamba kama njiti. Nikisikia mtu anasema ni ugonjwa wa wanene, ninajua kuna mwembamba mwingine anarudishwa nyumbani leo.

FUNDI: Na wenye misuli? Nina wateja wanaobeba vyuma. Shingo kama ya fahali, kiuno cha nyigu.

MWALIMU: Nao wamo. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa kuhusu wachezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushikana na kugongana. Wale wakubwa wa mwili, wenye shingo nene, walikadiriwa kuwa karibu theluthi yao wana ugonjwa huu. Vijana, wanamichezo, wanakimbia kila siku.

SUKA: Basi tumemaliza. Mizani haina maana.

SHEMEJI: Wewe wa kusema mizani haina maana! Kazi yako nusu ni kusimama kwenye mizani.

SUKA: Ile ni tofauti. Pale kwenye mizani ya Vigwaza hawaangalii uzito wa jumla peke yake. Gari la ekseli 7 mwisho ni tani 56, sawa. Lakini unaweza kuwa na tani 50 na bado wakakuzuia, kwa sababu mzigo wote umeulaza mbele. Ekseli ya usukani haitakiwi kuzidi tani 8. Inabidi ushuke, upange mzigo upya, siku imekwisha. Kijana akipakia vibaya Dar, wewe unaumbuka njiani. Mzigo uleule, lori lilelile...

Akaishia hapo. Fundi alicheka peke yake kwa muda.

FUNDI: Malizia, Suka.

SUKA: Mzigo uleule, ila umekaa vibaya.

Msimamo wangu ndio huo, na sioni aibu kwamba dereva amenitangulia kuufikia. Uzito wa jumla ni swali la kwanza tu. La pili, ambalo vyumba vingi vya madaktari havijaliuliza, ni kilo zimekaa wapi. Watu wawili wa kilo 96 si watu sawa. Mmoja kazibeba nyongani na mapajani, mwenzake kazibeba tumboni, shingoni na ulimini, na ni huyu wa pili ambaye mkewe anahesabu gizani. Ndiyo sababu dodoso linalotumika sana kuwachuja wagonjwa kabla ya upasuaji, lililotungwa Toronto mwaka 2008, linauliza uzito na umri, na linauliza shingo pia. Mwanamume akipita kama sentimita 43, yaani inchi 17 za fundi, anawekewa alama. Mwanamke huwekewa alama mapema kidogo, kwenye sentimita 41. Futi ya elfu moja inafanya kazi ambayo mizani ya bei ghali haiifanyi.

Ila simfuati Mwalimu mpaka mwisho wa njia yake. Ana haki ya kukasirika, na hasira yake imemfanya aone mafuta kama kisingizio cha madaktari wavivu. Sista alimjibu kabla yangu.

SISTA: Mwalimu, taya lako nani atalirefusha? Upasuaji upo, nao ni mkubwa, wanakata mfupa na kuusogeza mbele. Kidevu umezaliwa nacho, umri hauna breki. Katika yote yanayoziba koo, mafuta ndiyo mzigo pekee ambao mtu anaweza kuushusha mwenyewe. Huko Wisconsin waliwafuatilia watu kwa miaka. Aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10, matukio yake yaliongezeka kama asilimia 32. Aliyepungua asilimia 10, yalishuka kama asilimia 26. Nikimkuta mwembamba sitamrudisha nyumbani, nakuahidi. Lakini nikimkuta Suka sitamwambia tatizo ni mifupa.

SUKA: Asilimia 10 yangu ni ngapi?

FUNDI: Una 96. Kilo 9 na nusu hivi. Mfuko wa mchele wa kilo 10, umepungua vikombe viwili.

SUKA: Sasa niambieni niushushie wapi. Nakaa kwenye usukani tangu alfajiri. Nikisimama Ruaha Mbuyuni kuna chipsi mayai na nyama choma na soda. Mboga za majani nizipikie wapi, juu ya injini? Nikifika nimechoka mpaka nafsi imechoka. Na nikiwa nimechoka hivyo njaa yangu haina adabu.

SISTA: Hapo umesema kitu ambacho watu hawakisemi. Usingizi uliokatikakatika unaongeza njaa, hasa ya vitamu na vya mafuta, na unamnyima mtu nguvu ya kutembea. Unene unaleta ugonjwa, ugonjwa unalinda unene. Ukimwambia mtu apungue kwanza ndipo umtibu, umemwambia atoke shimoni ndipo umpe kamba.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema mashine kwanza. Inasukuma hewa puani kwa mgandamizo mdogo usiokoma, na hewa yenyewe inakuwa nguzo ya kuzuia ukuta wa koo usianguke. Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka 1981, na ya mwanzo aliiunda kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Usiku wa kwanza kulala nayo niliamka nikadhani nimehamishwa dunia.

SUKA: Nilale na mkonga kama tembo?

SHEMEJI: Bora tembo anayepumua.

MWALIMU: Bei yake inauma, siwezi kudanganya. Umeme ukikatika nayo inakatika. Na kuna jambo lililonishangaza: tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba wanaoitumia huongezeka uzito kidogo, hawapungui. Mtu aliyekuwa akipigania hewa usiku kucha alikuwa akiunguza nguvu nyingi kwa vita ile. Ukimpa amani, zile nguvu zinabaki mwilini.

FUNDI: Duh. Kwa hiyo anapona anazidi kunenepa?

SISTA: Kidogo. Ndiyo maana vyote viwili viende pamoja, hewa usiku na sahani mchana. Ipo pia sindano ya tirzepatide. Mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliikubali kama dawa ya ugonjwa huu kwa wanene wenye hali ya kati au kali. Waliojaribiwa kwa mwaka mmoja walianza na matukio karibu 50 kwa saa, yakapungua 25 na zaidi. Waliopewa dawa bandia walipungua kama 5. Lakini ukiiacha, uzito kwa kawaida hurudi, na kwa bei yake hapa kwetu tusidanganyane.

MWALIMU: Msimwache na miguu yake. Suka, ukivua soksi jioni, kuna alama?

SUKA: Mstari kama umechorwa na kamba. Nikikaa saa kumi na mbili kwenye kiti miguu inajaa.

MWALIMU: Yale maji ukilala hayabaki miguuni. Yanapanda, na mengine yanaishia shingoni. Watafiti wa Toronto walipima hata wanaume wasio wanene, wakakuta kwamba kadiri maji mengi yanavyohama miguuni usiku, ndivyo shingo inavyonenepa na pumzi inavyokatika zaidi. Mzigo unaohama, Suka. Huo hata Vigwaza hawaukamati.

Suka aliinama akaitazama miguu yake. Kisha akasimulia jambo ambalo nadhani mkewe alikuwa halijui. Barabara ya Mikumi, saa nane mchana, jua limesimama, na yeye hakumbuki kilomita kadhaa. Utingo ndiye aliyemshika bega. Alimwambia utingo alikuwa anawaza. Tangu siku hiyo anatafuna karafuu njia nzima.

Shemeji hakusema kitu. Ni Sista aliyevunja kimya, na akaanzia mahali ambapo sikutarajia.

SISTA: Na wewe binti yangu, unalalaje?

SHEMEJI: Nilale saa ngapi, na huyu? Naamka kichwa kinauma, mchana nasinzia dukani. Nimeshazoea, ni kelele zake.

SISTA: Una miaka mingapi sasa?

SHEMEJI: 49. Hedhi imeshaaga, mwaka wa pili.

SISTA: Sikiliza. Miaka yote ya uzazi, mwili wa mwanamke hupenda kuweka akiba nyongani na mapajani. Hedhi ikikoma, akiba inahamia tumboni na juu, na ile kinga aliyokuwa nayo kumzidi mwanamume inapungua. Kule Wisconsin, ripoti ya 1993 ilikuta matukio 5 au zaidi kwa asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake, watu wa miaka 30 hadi 60. Wanawake ni wachache, lakini si wachache kama tunavyowaandika kwenye mafaili, maana mwanamke haji akilalamikia kukoroma. Anakuja na uchovu, kichwa, kukosa usingizi, moyo mzito. Anapewa Panadol, anaambiwa ni mambo ya umri.

SUKA: Huyu hakoromi, Sista. Mkoromaji ni mimi.

SHEMEJI: Umejuaje? Wewe si huwa umelala.

Fundi aliivua futi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. Hakuinuka, alimpa Sista. Shemeji akalegeza mtandio, na Suka akasogeza stuli yake karibu na taa ili asome namba.